Gundi ya Siku Tano

Siku za gundi, hakuna aliyeingia bandani kwa Noelene Tranter na nguo mbichi. Hata mwenyekiti wa klabu angetimuliwa. Gundi na unyevu haviivi chungu kimoja, na Nolly, kama walivyomwita wote pale Wirrin Heads, mji mdogo wa pwani ya Australia, hakuwa mtu wa kubembeleza.

Kwa miaka ishirini na miwili alizitengeneza boti za mpira za klabu ya waokoaji wa baharini kwa kujitolea. Safari hii tyubu ya kushoto, ule mrija mnene wa upepo ubavuni, ilikuwa imeachana na sakafu ya boti, ufa wa urefu wa mkono mzima. Alikwangua gundi kuukuu, akapiga msasa, akapangusa, akapaka gundi mpya mara tatu, kila tabaka akilingoja mpaka lisinase kidole. Kisha akaikandamiza tyubu mahali pake kwa rola hadi mabega yakawaka moto. Mwisho, Ijumaa, akatundika kadi yake nyekundu kwenye tundu la kujazia upepo: isijazwe mpaka Jumatano, siku tano kamili za kukauka. Pale klabuni, kadi ile hakuruhusiwa kuitoa ila aliyeitundika, basi. Akaenda zake Nowra kumwona dada yake.

Jumapili jioni alirudi akakuta tyubu imeachia tena. Boti ilikuwa imepelekwa mashindanoni Jumamosi, na katika wimbi la tatu upande mzima ukafunguka. Tahlia Brophy, binti aliyekaa mbele, alirushwa, akavunjika kifundo cha mguu sehemu mbili.

Nolly aligusa kiungo. Gundi ilivutika nyuzi nyuzi, mbichi. Nyuma yake alisimama Dusty Marchant, nahodha wa boti, ambaye Nolly ndiye aliyemfundisha kusoma mawimbi, na ambaye tangu aachwe na mkewe kila Krismasi alikula mezani kwake.

"Kadi yangu nani kaitoa?"

"Mimi." Dusty hakumtazama. "Niliibonyeza, Nolly. Ilikuwa imekauka."

"Imekauka juu. Hata mkate unaweza kuwa na ganda zuri, ndani unga mtupu. Nani kakufundisha hilo?"

"Wewe. Sasa injini ya boti ya pili imegoma kuwaka, ningefanyaje? Tuwaachie wale wa ng'ambo ya mto kikombe?"

"Kikombe. Umemvunja mtoto wa watu mguu kwa ajili ya kikombe."

Dusty akaketi juu ya injini, akalia. Akamwomba jambo moja tu: asiseme kitu mpaka mkutano wa Alhamisi. "Nitasema mwenyewe mbele ya wote. Niachie hilo, mama. Nisisemewe."

Nolly akakubali. Siku nne alisikia minong'ono dukani na kwenye foleni ya soseji zilizouzwa kuchangia klabu, kwamba bibi kazeeka, mikono haina kazi tena, naye akafunga mdomo. Jina lake lote alikuwa amemwekea Dusty mfukoni.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Dusty alisimama na karatasi. Akasoma kwamba kiungo kilitengenezwa, kikashindwa kuhimili. Kwamba wakati umefika boti zipelekwe kwa mafundi wa mjini. Kwamba Nolly amechoka kwa ajili yetu, na si haki kuendelea kumtwisha mzigo. Kuhusu kadi, kimya. Kisha, kwa uso mkavu ambao hata mwizi wa kuku angeuonea aibu, akapendekeza Noelene Tranter awe mwanachama wa maisha, jina liandikwe kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa heshima wa ukutani.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Katibu akamwendea kwa upole kumwomba funguo za banda. Nolly alimtafuta Dusty kwa macho, akimpa nafasi ya mwisho. Dusty alikuwa akiikunja karatasi yake taratibu. Ahadi sasa ilikuwa imekufa, akasimama aseme.

Ila Tahlia alikuwa ameshamfikia, na magongo yake, na plasta hadi gotini. Akamkumbatia kwa nguvu.

"Usijitese, Nolly," alimwambia, sauti ikisikika ukumbi mzima. "Kila mtu hukosea. Mimi nimeshakusamehe."

Watu wakafuta machozi. Juu ya bega la binti yule Nolly alimwona Dusty naye akifuta yake, na wenzake wakimpigapiga mgongoni, wakimsifu kwa moyo wake mwema.