Uso Si Shati

Mjukuu wangu, iko siku moja kule Nuu ambayo nikiikumbuka mkono wangu hupanda wenyewe mpaka shavuni. Juzi ulipokuja na ule mkoba wa chupa za kuoshea uso, ukazipanga dirishani na kuniambia hii ni ya asubuhi na ile ni ya kung'oa chunusi na mizizi yake, nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mzee akifungua mdomo mbele ya chupa nyingi namna ile huambiwa hajui mambo ya sasa, nami napenda kusikilizwa. Sasa umekaa, chai iko mbele yako, na ngozi ya pua yako imeanza kubanduka. Basi nisikilize.

Nilikuwa kijana wa Kathonzweni, nikimsaidia mjomba wangu kwenye mashine yake ya kusaga unga. Uso wangu ulikuwa wa mafuta, na wewe ndiye uliyeurithi, usinitazame hivyo. Jua halijapanda vizuri, paji la uso limeshang'aa kama sufuria ya chapati, na unga ukiruka unaganda papo hapo. Wateja walinicheka, na wasichana walikuwa miongoni mwa wateja. Juu ya mafuta kulikuwa na chunusi.

Mimi niliamini kwamba mafuta ni uchafu, na chunusi ni uchafu uliokomaa. Dawa ya moto ni moto, nikajiambia. Nikachukua sabuni ya kipande, ile ndefu ya kufulia nguo, nikakata sehemu ya kuoshea uso wangu na kuificha. Nilisugulia nyuzi za makonge, zile tulizosugulia visigino. Maji yetu yalikuwa ya chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu bali inakatika kama maziwa yaliyoharibika na kuacha utando. Nikimaliza, uso umekaza hata kucheka ni kazi. Nilidhani huko kukaza ndiko kutakata. Lakini mchana haujafika, mafuta yamerudi, nami ninarudi kwenye karai.

Ikafika siku yangu ya ntheo. Unajua sisi Wakamba tunavyopeleka mbuzi kwao msichana: mmoja akichinjwa pale, pande zote mbili zikala, msichana huyo ni mke wako. Bila mbuzi huyo, hata mzae na mzeeke pamoja, wazee watasema hujaoa. Nilikuwa nimempenda Mwikali, huyu nyanya yako anayekohoa huko jikoni kunionya nisiongeze chumvi kwenye hadithi. Nilitaka nifike kwao bila doa. Kwa hiyo wiki hiyo yote nilisugua asubuhi, nikasugua mchana, nikasugua kabla ya kulala.

Tulipofika Nuu, kwao Mwikali, uso ulikuwa umevimba. Mashavu yalibanduka magamba, na chunusi nilizozikwangua zilitoa maji. Mwikali aliniona kwa mbali akaweka mkono mdomoni.

Hapo ndipo desturi yetu wenyewe iliponigeuka. Kati ya mkwe na mama wa msichana kuna nthoni, ile heshima ya kutotazamana wala kukaribiana. Mama yake Mwikali alikuwa nyuma ya ghala, akasikia tu kwa wapita njia kwamba kijana ana kitu usoni. Hangeweza kuja kuangalia, wala kuniuliza. Na jambo ambalo hakuna aliyeliangalia hukua. Lilipomfikia mumewe lilikuwa limeshakuwa ugonjwa wa kuambukiza, na binti yao angeupeleka kwa watoto.

Baba yake alikuwa mtu wa kanisa, mpole, asiyepandisha sauti. Alimwambia mjomba wangu, "Mzee, sisi hatukatai watu. Lakini hiyo kitu iko kwa uso ya kijana hatujui ni nini. Mbuzi ingoje kwanza."

"Ingoje mpaka lini?" mjomba akauliza, na alikuwa ameshasimama. "Kama ni hivyo tunafungua mbuzi zetu tunaenda nazo."

Mbuzi wa ntheo akirudi alikotoka hurudi na aibu, na mlango aliotokea haufunguki tena kirahisi. Niliogopa, mwanangu. Niliona Mwikali akinipotea kwa sababu ya sabuni, na nilitaka kulia lakini nilijua machozi yatanichoma.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa ya mama mzazi wa baba mwenye nyumba, nyanya yake Mwikali, ambaye wote walimwita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Nyanya hana nthoni na mume wa mjukuu wake. Kati yao ni utani mtupu, na humwita mume wake bila haya.

"Huyo mnamsema ni bwana yangu," alisema. "Mleteni hapa nimuone."

Nikawekewa kigoda mbele yake, wazee wa pande zote wakitazama. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kibuyu sokoni. Kisha akaninusa.

"Unaosha hii uso na nini?"

Mficha uchi hazai. Nikasema yote: kipande, makonge, maji ya chumvi, mara tatu kwa siku.

"Hiyo ni sabuni ya nguo," Susu akasema. "Kwani uso yako ni shati?"

Watu walicheka, hata mjomba. Mimi niliinamisha kichwa, naye akakiinua tena kwa kidole.

"Bwana yangu, hayo mafuta si adui yako. Ni nguo ya ngozi. Ukiivua yote kwa nguvu, ngozi itafanya nini? Itakaa uchi? Itatafuta ingine. Na hii kubanduka si ugonjwa, ni vita umejiletea."

Akaagiza maji matamu, yale yanayochotwa kwenye mchanga wa mto, na sabuni laini isiyo na harufu aliyokuwa akioshea kitukuu chake. Aliisugua viganjani mpaka povu likajaa, akaiweka sabuni kando, akaniosha kwa povu peke yake. Alitumia ncha za vidole, polepole, bila kitambaa. Akasuuza mara nyingi kuliko alivyopaka, kisha akanikausha kwa pembe ya leso yake, akibonyeza tu. Nilikuwa na ndevu zinazoanza, nami nilioshwa uso mbele ya wakwe zangu kama mtoto wa kunyonya. Sikuona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu uso wangu kuguswa bila kuuma.

Alipomaliza aliinua mikono yake, bado ina maji, akamwonyesha mwanawe.

"Nimemshika na mikono yangu yote. Kama ni ugonjwa, mimi nimeshapata. Sasa chinjeni mbuzi."

Baba yake Mwikali aliitazama ile mikono ya mama yake, kisha akaomba kisu.

Usidhani niliamka kesho yake na uso wa malaika. Chunusi zilipungua polepole, na nyingine ziliondoka tu nilipokuwa mtu mzima. Ila nilipopata sabuni nyepesi iliyonifaa nilijiona mganga, nikamlazimisha Mwikali naye aitumie. Ngozi yake ni kavu, si kama yangu. Baada ya siku chache pembe za mdomo wake zilipasuka, akanirudishia sabuni na kuniuliza, "Kwani niliolewa na uso yako pia?" Ndiyo sababu mpaka leo bafuni kwetu kuna sabuni mbili, na kila mmoja anajua yake.

Sasa sikia nasaha, mwanangu, kisha umalize chai. Ijue ngozi yako kabla hujaingia dukani. Osha uso kwa maji peke yake, usipake chochote, kaa kidogo kisha uuguse. Uking'aa kote, ni wa mafuta, nao unataka sabuni ya uso nyepesi yenye povu la upole, asubuhi na jioni, na ukitoka jasho jingi. Ukikaza na kuwasha, ni mkavu, utafutie ya krimu isiyo na povu kali. Ukiwa na mafuta puani na kwenye paji lakini mashavu makavu, usiukasirikie, wako wengi hivyo, chukua ya katikati. Na kama kila kitu kinakuchoma, kimbia manukato yote. Chupa mpya ijaribu kwanza nyuma ya taya siku kadhaa. Ukishaosha, paka mafuta mepesi, hata kama uso wako ni wa mafuta. Kinachokuahidi weupe kiache dukani, kwa maana hicho hakioshi, kinachubua. Chunusi zikikuzidi nenda kwa daktari wa ngozi, si kwa rafiki mwenye uso laini. Yeye anaujua wake tu.

Na uso ukikaza baada ya kuoshwa, usiseme umetakata. Unakuomba uache. Kwa hiyo kati ya zile chupa za dirishani chagua moja, ile isiyokuchoma, na nyingine mpe nyanya yako aziweke mbali nawe. Ngozi haitaki haraka.

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe maji matamu popote utakapokaa. Akupe subira na uso uliopewa, maana hakuna mwingine unaokuja. Na siku utakapokuwa nao mbaya hata hutaki kuonwa, akupe mtu wa kukushika kidevu mbele ya watu wote, kwa mikono miwili, asiogope.