Buibui wa Baba Mkwe

Niliolewa ziwani nikiwa na masikio ya kanisani. Kwetu ni upande wa Kigonsera, na mtoto wa pale akishajua kutembea tu anapangiwa sauti kwenye kwaya. Mimi nilipewa sauti ya pili, nikaikalia miaka kumi na moja kama kuku anayeatamia, na mwalimu wa kwaya alikuwa akisema sikio langu linaweza kumsikia mtu aliyekosea noti akiwa Songea. Huenda alizidisha. Sikumpinga.

Sasa chukua sikio la namna hiyo, lishushe kwa lori kutoka Mbinga, kona juu ya kona, mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kijiji kimoja kusini ya Mbamba Bay. Jioni ya kwanza kabisa, kabla sijaonyeshwa hata choo kilipo, sikio hilo likapokewa na mganda.

Mganda ni ngoma ya wanaume. Wanajipanga mistari, mashati meupe, kaptura nyeupe, soksi za kufika magotini, wanatembea kwa madaha kama askari waliokula wakashiba, na kila mmoja ana kibuyu mdomoni. Kibuyu hicho hakipulizwi. Mtu anaimba ndani yake. Ubavuni kina tundu lililozibwa kwa utando mwembamba, na sauti ikipita hapo inatoka imekwaruzika, inavuma, inakutetemesha mpaka meno ya nyuma.

"Hawa nyuki wamefiwa na nani?" nilimuuliza wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa amenishikia begi.

Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya begi langu. "Yule wa mbele, mwenye filimbi, unamwona? Ndiye nyuki mkubwa. Ndiye baba mkwe wako. Twende ukamwamkie."

Nikaenda, nikapiga goti, "Shikamoo baba," huku masikio yangu yakiomba lori lirudi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Mbinga yalianza kujaa mpaka bidhaa zikaning'inia milangoni, na baba yangu, baada ya msimu mzuri wa kahawa, alinisindikiza kwa mume na redio kaseti ya spika mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu. Kila jioni vibuyu vilipoanza mazoezi, nami nilifungulia dansi, sauti mpaka mwisho, hata mitumbwi ilikuwa ikikata kiuno. Betri zikichoka nilizianika juani kwenye jabali, dagaa wa usipa upande huu, betri upande ule, na siku moja nusura nizikaange kwa haraka zangu. Mume wangu, aliyekuwa akipiga ngoma kubwa kwenye mganda huohuo, aliishi kati yetu kama nchi isiyofungamana na upande wowote.

Baba mkwe hakuwahi kunikataza. Siku moja tu alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaisikiliza redio yangu kwa heshima kama anayesikiliza mgeni.

"Mama," akaniuliza, "huyo bwana wa humo ndani, akikosea, ukimwambia arudie, anarudia?"

"Hakosei, baba."

"Aa. Pole yake."

Akaenda zake.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni mzee yule, na wifi ndiye aliyenieleza. Kwenye mashindano ya mganda ya kule hapakuwa na waamuzi wa kukaa mezani na kalamu. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji walihamahama walivyopenda. Jua likigusa maji, kundi lenye watu wengi limeshinda. Mwaka ule nilipoolewa watu wote walimhama baba mkwe, wakaenda kwa wenzetu wa ng'ambo ya mto. Alibaki na mbwa wawili na mimi, na mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimesinzia. Hapo alisema kwamba wakimhama tena ataning'iniza kibuyu chake, na kila mtu alijua kwamba asipokuwepo yeye, mganda wa kijiji kile ungekwisha kama moto wa mabua. Alilisema akicheka. "Lakini siku tatu hakula samaki," wifi alininong'oneza. Ziwani, mtu asipokula samaki siku tatu huitiwa ndugu.

Basi mwaka uliofuata, siku ya mashindano ilipangwa Jumapili. Na wiki hiyohiyo nikapata barua kwamba mama yangu mzazi atashuka Jumanne kuja kuona ninavyoishi.

Mama yangu anafagia mpaka shamba la kahawa. Anaweza kuingia nyumbani kwa mtu, akapitisha kidole juu ya mlango, akakitazama, akaaga. Kwa hiyo Ijumaa niliamka na fagio nililolifunga kwenye mwanzi mrefu, nikaanza. Nilifagia kwangu, nikafagia jikoni, nikafagia banda la kuku mpaka kuku wakaona aibu. Halafu nikafika kwenye chumba cha uani ambako baba mkwe alitunza vibuyu. Mungu wangu! Kuta zilikuwa na buibui kama uji una povu. Buibui wazee, buibui wajukuu, na kila mahali vile vibandiko vyao vyeupe vya mviringo, laini kama karatasi ya sigara, ambavyo hufunikia mayai. Nikasema, maskini baba wa watu, hana wa kumfagilia. Nikakunja kanga. Nilipomaliza ukuta uling'aa, na takataka zote nikazitia motoni.

Nikamwita wifi aje anisifu.

Wifi aliingia, akatazama juu. Akatazama pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka.

"Wifi," alisema taratibu, "umefagia?"

"Mpaka paa!"

"Wewe mtoto wa milimani. Unajua ule utando kwenye vibuyu ni wa nini?"

"Karatasi?"

"Ni nyumba ya mayai ya buibui. Huwa wanaubandua ukutani hapa, wanaubandika kwenye tundu la kibuyu kwa utomvu. Wa zamani umeshatatuka wote, walikuwa wabandike mpya kesho." Akaketi juu ya ngoma. "Wifi yangu, umeuchoma mganda mzima."

Nikaenda mwenyewe ufukweni, ambako baba mkwe alikuwa akishona nyavu, nikapiga magoti yote mawili, nikamwambia. Alishona matundu matatu, ndipo akauliza.

"Na buibui wenyewe wako wapi?"

"Wamekimbia, baba."

"Wakakuona sura?"

"Wameniona."

"Basi hawarudi." Akakata uzi kwa meno. "Vibuyu ni ishirini na viwili. Vibandiko ulivyovimaliza, nenda kavitafute."

Hukumu ndogo, utasema. Jaribu wewe kupiga hodi kwa mwanamke wa watu, na kopo mkononi, useme, "Naomba buibui." Mwanamke yeyote mwenye heshima ukimwomba buibui umemwambia nyumba yake chafu. Wa kwanza aliniambia kwake hakuna, wala hajawahi kumwona buibui, ndiyo kwanza anamsikia kwangu. Wa pili alinionyesha fagio lake, sikujua kama ni ushahidi au silaha. Nilizunguka kijiji kizima hivyo. Jioni wale wanawake walianza kuja kwangu mmojammoja, wamefunika kitu kwenye kanga. "Nimeviokota njiani," kila mmoja alisema. Njia zile zilikuwa na buibui, ajabu!

Aliyeniokoa hasa ni mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Nilipomweleza alinifungulia stoo yake, na stoo ilikuwa imetanda nyuzi toka mlango hadi magunia ya chumvi.

"Ingia, binti. Kwetu sisi buibui hauawi, ana heshima yake tangu alipomficha Mtume pangoni," alisema. "Ila bandua vile ambavyo watoto wameshatoka. Mwenye mimba mwache."

"Nitamjuaje, mzee?"

"Hivyo vyenye tundu pembeni ndivyo watoto wameshatoka. Na wewe si utulie? Unatetemeka kama unaiba."

Pamoja na vile vya wanawake, nilitoka na vibandiko ishirini na sita, na pilipili manga nimefungiwa bure kwa kunionea huruma.

Jumamosi asubuhi baba mkwe aliniketisha kibarazani. Nilidhani kazi yangu imekwisha. "Vibandike," alisema. Nikavibandika. "Sasa vijaribu."

"Mimi, baba?"

"Mimi nina pumzi ya kesho tu. Usipulize. Si tarumbeta hiyo. Imba."

Nilichukua kibuyu cha kwanza, nikatazama huku na huku, nikaimba humo noti moja ya kanisani. Ikatoka sauti ya fahali mwenye mafua. Nikacheka, kibuyu nacho kikacheka kwa sauti yake, na mzee akatikisa kichwa: "Umelegeza utando. Uvute." Nikauvuta. Nikaimba tena. Safari hii kitu kikanitekenya mdomo, kikashuka kifuani, kikakaa.

Kibuyu cha tano. Cha nane. Kufika cha kumi nikaona jambo ambalo mwaka mzima sikio langu maarufu, lile la kusikia mpaka Songea, halikuliona. Vibuyu vidogo viliimba juu. Vya kadiri vilikaa katikati, vile viwili virefu vyenye shingo vilizunguka chini yake, na kibuyu cha mzee mwenyewe, kikubwa kama kichwa cha ndama, kilikuwa chini kabisa. Nikashtuka. Nikasema, "Baba, hii ni kwaya!"

"Ulidhani ni nini?"

"Nyuki."

"Nilisikia. Wamefiwa." Akachukua kibuyu chake kikubwa. "Hebu shika hicho cha kati. Mimi nashuka hivi, wewe usinifuate. Kaa hapohapo ulipo."

Kukaa hapohapo ndiyo kazi ya sauti ya pili, kazi niliyoifanya miaka kumi na moja. Mzee akashuka na besi yake, nami nikakaa, na katikati yetu pakatokea sauti ya tatu ambayo hakuna aliyekuwa akiiimba. Tulirudia. Alikosea, nikamwambia arudie, akarudia. Hapo nikakumbuka swali lake la mlangoni, nikainama kujifanya natafuta utomvu.

"Jamani," sauti ya wifi ikatoka nyuma ya nyumba, "nani tena kafiwa?"

Jumapili uwanja ulijaa mpaka nzi walikosa pa kutua. Wenzetu wa ng'ambo ya mto walikuja na soksi mpya, na mwanzoni watu waligawanyika nusu kwa nusu. Nilisimama mbele kabisa, kopo langu mkononi, na tando nne za akiba. Baba mkwe alipuliza filimbi, mistari ikaondoka, na naapa kwamba nilisikia kila kibuyu kwa jina lake. Nilivijua kama watoto niliowaogesha.

Jua likiwa limebaki mkono mmoja juu ya maji, nikahisi shimo. Sauti ya kati ilikuwa imepungua. Watu hawakujua ni nini, ila walianza kugeuza shingo upande wa pili, kisha miguu. Wawili. Kumi. Baba mkwe aliwaona wakiondoka, na alivyonyanyua kibuyu chake nilijua anakinyanyua kama mtu anayeaga.

"Mstari wa pili!" nikapiga kelele. "Sauti ya pili imepasuka!"

Hakuna mwanamke anayeingia kwenye mistari ya mganda. Mimi niliingia mbio, kanga ikanitoka bega moja, nikampokonya bwana mmoja wa mstari wa pili kibuyu mdomoni, nikabandua utando uliotatuka, nikabandika mpya. Utando mpya lazima ujaribiwe, hiyo ndiyo kanuni niliyofundishwa. Nikaujaribu. Nikaimba palepale, katikati ya wanaume wenye soksi, nikitembea nyumanyuma ili wasinikanyage, na sikuacha kwa noti moja. Nilifika mwisho wa ubeti.

Waliokuwa wakiondoka walirudi wakikimbia. Walifuatwa na wa ng'ambo ya mto, waliotaka kuona ni kitu gani. Nilipomrudishia bwana yule kibuyu chake, upande wetu ulikuwa hauna pa kuweka mguu, na jua likagusa maji.

Mkubwa wa wenzetu alilalamika mpaka sauti ikamkauka kwamba watu walikuja kumtazama mke wa mtu, si mganda. Wifi mpaka leo anaunga mkono upande wake. Baba mkwe alisema watu walisikia sauti ya pili imerudi, basi. Alikula samaki mbasa mzima jioni hiyo, na kibuyu chake hakikuning'inizwa hata alipokuwa hana tena jino la mbele.

Jumatatu asubuhi nilikuta mwanzi wa fagio langu umekatwa, umebaki urefu wa mkono. Baba mkwe alikuwa akinoa panga taratibu.

"Fagia mpaka unapofika," alisema. "Juu ya hapo si kwako."

Jumanne mama yangu akashuka kwenye lori. Alisalimia, akaketi, na kabla hajanywa maji akatazama juu, ambako buibui watatu jasiri walikuwa wameshaanza kujenga.

"Mwanangu. Huku hamfagii?"

Nikachukua kibuyu cha kati nikamwimbia, taratibu, kwa adabu zote. Mama alisikiliza akiwa amekunja uso kama aliyetafuna kwinini.

"Huyo nyuki," akauliza, "amefiwa?"

"Hiyo ni sauti ya pili tu, mama," nikamwambia, nikamsogezea kiti karibu na mlango. "Kaa kidogo. Besi iko ziwani inavuta nyavu, inarudi sasa hivi."