Mpiga pasi aliyekataa kuambiwa mkono wake mbovu

Saa mbili kasorobo asubuhi, karakana ya chuo cha ufundi bado haijaanza kunguruma. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu amechutama kwenye kona, mbele ya pasi ya umeme iliyolazwa chali, mgongo chini, uso wake wa moto ukitazama dari. Juu yake vimepangwa vijiti vinane vya kuchomelea vyuma. Anavigeuza kwa ncha za vidole, bila haraka. Mara anainua kimoja, anakigusisha shavuni, anakirudisha.

"Mama Pasi, leo unanyoosha suruali au chuma?" binti mmoja mwanafunzi anamtania huku akivaa glavu.

"Vyote vina mikunjo, mwanangu. Sogea nikunyooshe na wewe."

Wanacheka. Lakini leo si siku ya kucheka kwake. Wiki tatu zilizopita bamba lake lilikatika kwenye jaribio la kupinda. Likikatika tena leo, jina lake linafutwa chuoni. Na kule kwenye kiwanda cha kufulia nguo, alikopiga pasi miaka kumi na mmoja, nafasi yake imeshakaliwa.

Jaribio lenyewe halina huruma. Unaunganisha mabamba mawili ya chuma, kiungo kinasuguliwa mpaka kinakuwa laini, kisha mashine inalikunja bamba mpaka ncha mbili zinatazamana. Kiungo kikipasuka, umeanguka.

Mwaka huu wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja. Walioanguka ni kumi na tisa. Hata mchunga mbuzi, akifiwa na mbuzi kumi na tisa kwa mpigo, ataangalia majani wanayokula. Wenye viti hawakuangalia chochote. Walibandika karatasi ukutani: mikono ya wanafunzi ni mizito, warudie kwa bidii.

Mama Pasi aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Nikatazama mikono yangu," anasema. "Mkono huu umenyoosha mashati mia na ishirini kwa siku, kola haijaungua hata moja. Leo ndio uwe mzito? Nikasema hapana, kuna kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa stoo. Zamani ilitoka amri ofisini kwamba stoo ipigwe deki kila asubuhi ing'ae, maana wageni wa kukagua wanaweza kutokea wakati wowote. Wageni hawajatokea mpaka leo. Deki imepigwa mwaka mzima, na maboksi ya vijiti yamekaa sakafuni, yakinywa maji kidogo kidogo kutokea chini.

"Ukishika kijiti kwa vidole unasema ni kikavu," anaeleza. "Shati nalo hukudanganya hivyo hivyo. Liweke shavuni, litakuambia ukweli. Na ukianza kukichoma kinatema. Kijiti kizima huimba sauti moja, kama mafuta kwenye kikaango. Chetu kilikuwa kinakohoa."

Unyevu ule, ukipata moto, hugeuka mvuke na kuacha vitundu ndani ya kiungo. Juu panapendeza, ndani pameoza. Mtu aliyewahi kutawaliwa anaielewa habari hii bila kufundishwa.

Alikwenda ofisini mara nne. Mara tatu aliambiwa mkubwa yuko kikaoni. Mara ya nne mkuu wa chuo alimpokea akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Aliniuliza, wewe ni mwanafunzi au mkaguzi? Nikamwambia, Mkuu, mimi ni mpiga pasi. Nipe siku moja nirudie na vijiti nilivyokausha mwenyewe. Nikianguka nitaondoka bila kusukumwa."

Mume wake, fundi viatu, ndiye aliyemwambia aibebe pasi ya nyumbani akakaushie vijiti. Tangu siku hiyo yeye huvaa nguo zenye makunyanzi na hutembea nazo kifua mbele. Aliye na mwenzi wa namna hii amtazame vizuri angali yupo. Wengine wetu tuliijua thamani hiyo udongo ulipokwisha kurudishwa kaburini.

Saa tatu na nusu, mkuu wa chuo anaingia na wasaidizi wawili. Hakuna anayemsalimia kwa sauti. Mama Pasi anashusha kinyago usoni, anachukua kijiti chenye joto, anapiga magoti mbele ya meza.

Cheche ya kwanza inaruka, kisha inatulia. Na hapo karakana nzima inaisikia: sauti moja, nyembamba, isiyokatika. Mkono unasogea taratibu kama kivuli cha ukuta, na nyuma yake chuma kilichoyeyuka kinaganda mawimbi kwa mawimbi, yote sawa, kama yamechorwa. Nimeona wakubwa wengi wakikata utepe. Sijaona kitu kama hiki.

Anagonga maganda yaliyoganda juu ya kiungo kwa nyundo, anapiga brashi ya waya. Mwalimu wake, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, anakisugua kiungo, analipachika bamba kwenye mashine na kuanza kupampu jeki.

Bamba linaanza kuinama. Pampu. Linainama zaidi. Mama Pasi amefumba macho. Mwalimu anaongeza, jasho linamdondoka kidevuni, mpaka ncha mbili zinatazamana.

Anakitoa chuma, anapitisha ukucha juu ya kiungo. Anarudia. Kisha anampa mkuu wa chuo.

"Hakuna hata ufa wa unywele, Mkuu," anasema. Halafu anamgeukia mwanafunzi wake. "Mama, unisamehe. Niliamini macho."

"Na wale kumi na wanane?" Mama Pasi anauliza.

Mkuu wa chuo anasema suala hilo litaundiwa kamati.

"Kamati ikae, Mkuu. Wao wakikaa, sisi tutakuwa tunakausha."

Binti wa utani, naye mmoja wa walioanguka, ameshakwenda stoo. Anarudi na boksi kifuani. Mkuu analitazama boksi, anatazama saa yake, anatoka. Hakuna aliyemkataza binti.

Akipata cheti mwezi ujao, Mama Pasi anataka kujifunza kuunga mabomba ya mvuke. Kwenye kile kiwanda cha kufulia lipo moja lililomuunguza mwenzake mkono mpaka kwenye kiwiko. Wenye mali waliliziba kwa matambara na waya, kazi ikaendelea.

"Siku moja watatafuta fundi mwenye cheti," anasema, akivua glavu. "Nitakwenda. Nitapita mlango wa mbele, niwaambie wazime mvuke wote, akina mama watoke nje wapumzike. Halafu ndio nitaanza kazi. Na sitafanya haraka."