Makofi ya Aliyeinuka

Makofi ya uwanjani siyapendi. Wazazi wenzangu hapa Uyole wananiona mama mwenye kisirani, na waone hivyohivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nilipokuwa sekondari tulikwenda Iringa kwenye mashindano ya netiboli. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyelinda goli letu. Aliruka kudaka mpira, akagonga kichwa kwenye nguzo, akaanguka kama gunia la viazi. Mwalimu wetu akafanya kilichofanywa na kila mwalimu siku zile: akammwagia maji ya baridi, akamfunga kitenge kichwani, akamwinua. Uwanja mzima ukapiga makofi. Na kwetu ukishapigiwa makofi huwezi kuketi tena, utaambiwa unadeka. Akacheza mpaka filimbi ya mwisho, tukashinda.

Kwenye basi la kurudi Mbeya aliniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia Mafinga. Punde akauliza tena, halafu tena, na basi zima likacheka, maana alikuwa mtu wa utani kweli. Tulipofika Igawa, wachuuzi wakagonga madirisha na mahindi yao ya kuchoma, yeye hakuuliza kitu. Alikuwa ameniegemea begani. "Mwacheni alale," mwalimu akasema, "kachoka huyo." Mwanjelwa tukamwamsha, hakuamka. Mpaka leo siwezi kulalia bega lile.

Jumamosi iliyopita binti yangu aligongana vichwa na mwenzake uwanjani, akaanguka. Kocha, kijana mpole tu, akaja mbio na chupa ya maji. Makofi yakaanza kabla mtoto hajasimama vizuri. Nikaingia uwanjani na kandambili zangu.

"Mama, huyu yuko fiti, mwache amalizie," kocha akasema.

"Hachezi. Tunakwenda hospitali."

Watu wakaguna. Binti yangu alilia kwa hasira, akasema nimemwaibisha mbele ya wenzake. Kwenye bajaji nikamwuliza hapa ni wapi. "Uyole, si tumetoka hapohapo!" Alijibu vizuri, na daktari alipompima akasema hana dalili mbaya, apumzike, asicheze kwanza, nami nimwangalie kwa karibu. Nilishukuru mpaka daktari akacheka.

Tukapanda bajaji kurudi nyumbani. Nikamwuliza tena hapa ni wapi. Safari hii hakukasirika. Alinishika mkono, akanitazama kwa woga kana kwamba mimi ndiye niliyegonga kichwa.

"Mama," akasema taratibu, "mbona unauliza swali hilohilo?"