Taa Nyekundu ya Doña Tránsito

Katika shule yetu ya Kihispania mjini Antigua, kila mwalimu ana meza moja na mgeni mmoja. Meza ya Nicolasa Xiquín ilikuwa chini ya mlimau, na ufundishaji wake uliwaudhi wengi. Wiki ya kwanza hakugusa majedwali ya vitenzi. Alimpa mgeni kitenzi kikiwa uchi, hakijavikwa mtu wala wakati: kula, kununua, kungoja. Kisha akakitangulizia maneno matatu tu: nataka, naweza, inabidi.

"Kwa hayo mtu halali njaa," alisema.

Don Evelio, mkuu wetu, hakuridhika. Mgeni wa Nicolasa, Torvald, fundi wa pampu kutoka Norwe, alikuwa aende kijijini Jumatatu, mahali ambapo hapangekuwa na mtu wa kumtafsiria. Mkuu akatoa sharti: Jumamosi jioni aende peke yake kununua tamale, chakula cha mahindi kinachopikwa ndani ya majani. Akirudi mikono mitupu, Nicolasa aiache meza yake.

Nicolasa akamwelekeza Torvald nyuma ya kanisa, nyumba yenye taa nyekundu mlangoni. Kwetu, taa hiyo ikiwashwa Jumamosi, tamale zimeiva. Hakuna aliyekumbuka kwamba huko kwao taa kama hiyo hujulikana kuwa alama ya nyumba za makahaba.

Tukangoja uani. Giza likashuka polepole juu ya mlimau. Don Evelio alitazama saa, akakohoa. Nicolasa alimenya chungwa, ganda likiteremka bila kukatika.

"Atakuja," alisema, wala hakuinua macho.

Akaja kweli, uso umemwiva kwa aibu, amekumbatia tamale za moto ndani ya majani ya mgomba. Nyuma yake alifuata muuzaji mwenyewe, Doña Tránsito, bibi mwenye aproni, anacheka hadi anajishikiza ukutani. Alisema kijana alipita mlangoni kwake akienda na kurudi kama mwizi, mpaka yeye akatoka kumuuliza shida yake.

"Akaniambia, 'Mama, sitaki kulala. Nataka kununua chakula. Naweza kuondoka?' Nikamwambia, asante baba kwa kunifikiria katika umri huu, lakini mimi nauza unga wa mahindi na nyama ya nguruwe."

Hata Don Evelio alicheka. Akanyoosha mkono kuchukua tamale moja. Nicolasa akaisogeza kando kidogo.

"Mkuu, unataka kula, au inabidi kwanza kusoma jedwali?"

"Nataka kula," alijibu mkuu.

Jumatatu, Torvald alipokuwa njiani kwenda kijijini, Nicolasa alikuwa chini ya mlimau, anapangusa umande juu ya meza yake.