Hukumu ya Shore Kwenye Mti wa Kahawa

Mwaka niliorudi Maguu nikiwa na shahada ya wanyamapori na sina kazi, mama alinikabidhi kesi. Ndege alikuwa analea makinda kwenye mti wa kahawa uliopaswa kupogolewa kabla ya mvua.

"Kama anakula kahawa, tawi linakatwa leo," alisema. "Kama anakula wadudu, tunamwacha alee. Wewe umesoma, sema."

Alikuwa shore, ndege asiye na siri: kichwa cheusi chenye kishungi, mwili wa rangi ya vumbi, na huanza kuimba kabla jogoo hajakohoa. Hata hivyo nilitaka kuona njano chini ya mkia, nisije nikamhukumu ndege mwingine. Nikalala chali chini ya mti, nikasubiri.

Baba mdogo, ambaye ndiye mpogoaji wetu, alinikuta hapo na msumeno wake mkononi. Niliogopa kuinuka nisimfukuze ndege.

"Shikamoo, baba," nilinong'ona.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Anachungulia matako ya ndege," mama alijibu kutoka jikoni. "Ndiyo shahada yenyewe."

Mkia ukainuka. Njano. Tatizo ni kwamba shore hula matunda na wadudu pia, kwa hiyo nilimwambia mama inategemea.

"Nimesomesha mtoto aje kuniambia inategemea."

Niliomba siku mbili za uchunguzi. Kila mzazi aliporudi kiotani niliandika alichobeba: panzi, kiwavi, kipande cha papai letu. Kiwavi mmoja nilimfuta, maana huenda lilikuwa jani, kisha nikamrudisha. Siku mbili zikawa wiki. Kila asubuhi baba mdogo alipita akauliza, "Mheshimiwa hakimu, tukate?" Nami kila asubuhi nilikuwa na shaka mpya. Je, shore hali kahawa kwa sababu haipendi, au kwa sababu tumeshaivuna yote?

Wiki ya pili nilikamilisha jedwali. Wadudu walizidi matunda, kidogo tu. Nikamwita mama nimsomee hukumu: ndege aachwe. Baba mdogo akachungulia kiotani. Kilikuwa kitupu. Makinda wote wawili walikuwa juu ya mpapai, wakidai chakula.

Msumeno ulimaliza kazi nikiwa bado ukurasa wa kwanza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akasema, "Wamekua wakikusubiri."