Shahada Sikioni

Niliamshwa na shahada. Ulikuwa mchana wa Ramadhani, joto limetulaza sote, nami nilikuwa nimejinyoosha mkekani baada ya swala ya adhuhuri. Nilipofumbua macho, midomo ya nyanya ilikuwa imegusa sikio langu. Alikuwa akinong'ona polepole, neno kwa neno, jinsi anavyotamkishwa mtu anayekata roho. Mkono wake ulikuwa kifuani pangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimwuliza ni nani anakufa.

"Wewe," alisema. "Ulikuwa unakoroma, halafu ukanyamaza. Mimi najua hiyo kunyamaza. Babu yako alinyamaza hivyo kule Garbatulla, akaenda."

Tangu siku hiyo niliogopa kulala. Kabla yake, kukoroma kwangu kulikuwa aibu tu. Kaka zangu waliniita Jenereta, na mama alikuwa amenihamishia chumba cha nyanya, cha nyuma kabisa, ili majirani wetu wa mtaa wa Wabera wasisikie. Msichana anayekoroma, alisema, ataolewa na kiziwi. Shuleni nilisinzia mpaka mwalimu wa hisabati akanusa vidole vyangu, akidhani natafuna miraa usiku, mimi ambaye hata chingamu hunichosha taya. Kila asubuhi niliamka na kichwa kizito na mdomo mkavu. Sasa mambo hayo yote yalikuwa na maana moja, nayo ilinitia baridi. Nilikaa nimeegemea ukuta nikijifinya hadi daku, na kila usingizi uliponishinda nilishtuka nikitweta, kana kwamba kuna mtu amenirudisha kutoka mahali.

Baada ya Idi, nyanya alimwambia mama kwamba asiponipeleka hospitali atanipeleka yeye na fimbo yake. Tulienda wote watatu. Daktari wa masikio, pua na koo, mwanamke mpole mwenye lafudhi ya Kimeru, alimwuliza mama kama huwa nakoroma. Mama akatazama mlango. Akasema hapana, napumua kwa nguvu kidogo tu. Sijawahi kumkasirikia mama yangu kama siku ile. Ningekufa kwa ajili ya mchumba ambaye hata simjui.

Nyanya aligonga fimbo sakafuni. Kisha akafumba macho akakoroma, pale pale kitini, mkoromo mzito wa kutoka tumboni, halafu akanyamaza. Alinyamaza mpaka mama akaanza kulia.

Daktari akanimulika kooni. Tezi zilikuwa zimevimba karibu zigusane. Alisema huenda njia ya hewa inaziba nikilala, pumzi inakatika, kisha mwili unashtuka na kuirudisha. Tatizo hilo linatibika, lakini lipimwe kwanza. Akanipa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mshipi wa kifuani, kibanio cha kidoleni, na mrija mwembamba wa puani. Halafu akamgeukia nyanya. Nikinyamaza asiniamshe wala asiniguse, maana kifaa lazima kione pumzi ikikatika na kurudi yenyewe. Nilimwuliza kama kweli itarudi. Akasema imekuwa ikirudi kila siku. Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo.

Baada ya swala ya isha mama alinifunga mshipi, vidole vyake vya baridi, akatoka bila kunitazama. Nyanya alikaa ukingoni mwa kitanda chake na tasbihi.

"Akko," nilimwita, tunavyomwita nyanya kwa Kiborana, "naogopa."

"Mimi pia naogopa," alisema. "Lakini daktari amenifunga mdomo. Basi shahada itamke mwenyewe sasa, kabla hujalala. Nikishaisikia nitaweza kunyamaza."

Niliitamka na mrija puani, sauti kama ya mtu mwenye mafua. Nikajikwaa katikati. Akanirudisha mwanzo, nikaitamka sawa. Ndipo akauvuta mtandio wake, akajifunga nao mdomo, akakaa ananiangalia.

Siku chache baadaye daktari alisema kifaa kimeonyesha pumzi ikikatika usiku kucha, na baada ya hapo nikatolewa tezi. Lakini mimi majibu niliyapata mapema. Nilipoamka alfajiri, nyanya alikuwa bado amekaa pale pale. Nilimfungua mtandio kwa mikono yangu. Ulikuwa umelowa, na upande mmoja alikuwa ameutoboa kwa meno.